Mjomba anataka kiwanja kiuzwe nikasome diplomasia Nairobi

SWALI

Shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Tanga na mama na wadogo zangu wawili. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa HGL, nimepata daraja la pili. Shuleni nilikuwa kwenye klabu ya Umoja wa Mataifa na tangu hapo sina ndoto nyingine zaidi ya diplomasia.

Nimechaguliwa vyuo viwili vya umma. Kimoja ni shahada ya uhusiano wa kimataifa, miaka 3, ada 1,300,000 kwa mwaka. Kingine ni sheria, miaka 4, ada 1,500,000. Nimetumiwa ujumbe kwamba natakiwa kuthibitisha kimoja na siku zimebaki chache.

Sasa mjomba wangu anasema vyote hivyo ni kupoteza muda. Ameniombea nafasi chuo binafsi Nairobi, hiyo hiyo fani ya uhusiano wa kimataifa, ada shilingi 145,000 za Kenya kwa muhula, mihula 8. Anasema nikisoma karibu na ofisi za Umoja wa Mataifa Gigiri, kazi nitaipata kabla sijavaa joho. Marehemu baba alituachia kiwanja Kibaha, mjomba ameshaongea na dalali na kimefika milioni 35. Mama anauza samaki, hana la kusema mbele ya kaka yake. Mkopo nimeomba kwa ajili ya vyuo vya hapa, ila cheti cha kifo cha baba sikukiambatisha kwa sababu muda ulikuwa unaisha na hakikuwa kimehakikiwa.

Je, shahada hii ina thamani ya kiwanja? Na nikiacha Nairobi, nichukue uhusiano wa kimataifa au sheria? Sheria siichukii, ila moyo haupo huko sana.

Binti wa Tanga

JIBU

Marahaba, binti, na hongera kwa matokeo.

Kiwanja kisiuzwe. Shahada ya uhusiano wa kimataifa si mbaya, ila ni shahada inayolipa kwa vitu utakavyoibandika juu yake, na vitu hivyo vinapatikana kwa bei nafuu zaidi hapa nyumbani. Tuanze na hesabu, kwa sababu barua ya chuo cha Nairobi imekuambia ada tu.

145,000 mara mihula 8 ni 1,160,000 za Kenya. Tukikadiria shilingi moja ya Kenya kwa 20 za kwetu, hiyo ni milioni 23.2. Weka chumba, chakula na nauli 25,000 za Kenya kwa mwezi, na kwa Nairobi huko ni kujibana, kwa miezi 9 ya masomo kila mwaka. Kwa miaka minne unapata 900,000, yaani milioni 18. Jumla milioni 41.2, na bado hatujahesabu bima, kompyuta wala safari za kuja nyumbani. Kiwanja kinaleta milioni 35, kabla dalali hajachukua chake. Kwa mwendo wa milioni 10.3 kwa mwaka, hela inakatika mwaka wa nne. Hapo ndipo pabaya kuliko kote: mtu anakuwa ameshamaliza karibu kila kitu, anadaiwa muhula mmoja, na asipoumaliza hahitimu wala hapewi cheti. Bodi ya Mikopo nayo haitakuokoa, kwa kuwa kwa kawaida haimkopeshi mtu aliyekwenda kusoma nje kwa mpango wake mwenyewe.

Tazama na upande wa kurudisha. Tuseme umepata kazi serikalini yenye mshahara wa msingi wa 800,000, mfano tu. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, sawa na 40,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 24,000. Kodi ya mapato kwa viwango vya sasa inakuja 68,000. Unabaki na 668,000. Ukiweza kutenga 200,000 kila mwezi bila kukosa, milioni 41.2 inarudi baada ya miezi 206. Hiyo ni miaka 17, na wadogo zako wawili hawajaenda popote.

Hoja ya mjomba kuhusu Gigiri tunaielewa, maana kwa nje inaonekana ina akili. Nairobi kweli ni makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa na la makazi, na mashirika yake ya watoto (UNICEF), idadi ya watu (UNFPA) na wanawake (UN Women) yametangaza kuhamishia baadhi ya shughuli zao huko. Ila wanaohamia ni watu ambao tayari wako kazini. Umoja wa Mataifa hauajiri kwa ujirani. Kazi za ukarani na usaidizi huchukua watu waliopo pale wenye haki ya kufanya kazi Kenya, na wewe hungekuwa nayo. Kazi za kitaalamu za kimataifa, kwa mfano daraja la P-3, hudai shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka 5. Nafasi za wanafunzi kujifunza kazi katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hazilipwi: unajilipia chumba na chakula, na zinaombwa mtandaoni na mtu yeyote aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza au aliyehitimu ndani ya mwaka mmoja, awe Nairobi, awe Dodoma. Programu ya Umoja huo ya vijana wataalamu ni mtihani wa ushindani, mwisho wa umri miaka 32, na orodha ya nchi zinazoruhusiwa hubadilika kila mwaka. Jirani wa Gigiri na mkazi wa Chumbageni, hapo Tanga, wanajaza fomu ile ile.

Na soko lenyewe limebanwa. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025, na Afrika Mashariki yote watu wa miradi walirudishwa nyumbani. Umoja wa Mataifa nao umekuwa ukipunguza nafasi. Maana yake ni kwamba wale wenye uzoefu wa miaka 8 sasa wanaomba kazi ambazo zamani zilikuwa za wahitimu wapya. Mtu akikuuzia shahada hii kwa picha za bendera na suti, muulize ameiangalia lini mara ya mwisho hali ya ajira.

Kuna jambo jingine la Nairobi ambalo watu huligundua wakiwa wameshachelewa. Anayekwenda kusoma shahada ya kwanza nje anatakiwa apate kwanza cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Akirudi, shahada yake inatakiwa kutambuliwa na TCU hiyo hiyo kabla hajaitumia kuomba kazi serikalini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanaliandika hilo waziwazi. Mwenye kozi isiyotambulika anarudi na joho na picha, mfumo haumfikirii.

Tuje sasa kwenye swali lako la pili, ambalo kwa kweli ndilo gumu.

Wizara ya Mambo ya Nje haiajiri kila mwaka, na ikiajiri haichukui wengi. Balozi zetu nje zimezidi 40 kidogo, na watumishi wake wengi wameanzia Dodoma wakakaa miaka kabla ya kupangiwa kituo. Nafasi za Afisa Mambo ya Nje Daraja la Pili hutangazwa kwenye Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, kama kada nyingine. Na hapa ndipo penye siri iliyo wazi: sifa zinazotajwa kwa kawaida hazikomei kwenye uhusiano wa kimataifa. Sheria, uchumi na sayansi ya siasa navyo huingia. Kwa hiyo mwenye sheria anaweza kuomba Mambo ya Nje, lakini mwenye uhusiano wa kimataifa hawezi kuomba uwakili wa serikali, wala idara ya sheria ya benki, wala ya halmashauri. Mlango mmoja wanagombea wote wawili, milango mingine anaingia mmoja tu.

Kisha kuna njia ambayo vijana wengi hawaijui. Chuo cha Diplomasia Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji na sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, kina stashahada za uzamili za mwaka mmoja, ikiwemo ya usimamizi wa uhusiano wa kimataifa na ya diplomasia ya uchumi. Mtu anaweza kusoma fani nyingine, akaajiriwa, halafu akaongeza diplomasia kwa mwaka mmoja. Kinyume chake hakiwezekani: hakuna stashahada ya mwaka mmoja itakayokufanya mwanasheria.

Kwa hiyo sisi tunaegemea sheria. Lakini tunakutahadharisha kwa mambo mawili. Wahitimu wa sheria nao wamejaa mtaani, na shahada peke yake haikupi uwakili mpaka upite Shule ya Sheria, ambayo ina gharama zake. Pili, sheria isiyosomwa kwa moyo inazaa wastani mbovu, na mhitimu wa sheria mwenye GPA ya 2.8 hamshindi mwenye uhusiano wa kimataifa wa 3.9. Ukijiona huwezi kusoma kesi kurasa 40 kwa siku bila kulazimishwa, chagua ile ya miaka mitatu. Kwa ada ya 1,300,000 siyo kamari ya kumtia mama hofu.

Ukiichagua hiyo, isome kwa namna ambayo wengine hawaisomi. Kosa kubwa la fani hii ni kumaliza miaka mitatu ukiwa unajua kueleza nadharia tano za siasa za dunia na hujui kufanya kitu kimoja ambacho mwajiri anaweza kukitaja jina.

Anza na lugha, wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Kifaransa ndicho tunachokipendekeza, kwa sababu za hapa hapa jirani: Burundi, na Kongo iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na ambayo mizigo yake inapita bandari ya Dar es Salaam kila siku. Kozi ya lugha ya chuoni kwa kawaida ni saa chache kwa wiki na inaishia kwenye salamu na kujitambulisha. Kutoka sifuri hadi kiwango cha B2, ambacho ndicho mwajiri anakiheshimu, kunahitaji kama saa 550 hadi 650. Saa 6 kwa wiki kwa wiki 36 za masomo ni saa 216 kwa mwaka. Miaka mitatu ni saa 648. Imetosha, ila haina nafasi ya kuanza mwaka wa pili. Mwisho fanya DELF B2, mtihani wa Kifaransa wa kiwango hicho, unaofanyika kupitia kituo cha lugha cha Alliance Française. Kufaulu ni alama 50 kwa 100, na usipate chini ya 5 kwa 25 katika sehemu yoyote kati ya nne. Wengi huangushwa na kusikiliza, si kuandika, kwa sababu walijifunza kwa daftari. Cheti chake hakina mwisho wa matumizi. Kama ulipita madrasa na herufi za Kiarabu unazisoma, basi fikiria Kiarabu badala yake. Umeshavuka kizingiti ambacho wenzako watakitumia mwaka mzima, na biashara ya Oman na Ghuba na pwani yetu haijaanza jana.

Kiswahili nacho usikidharau. Kimekuwa lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022. Ila kukizungumza si ujuzi unaolipwa. Kinacholipwa ni kukitafsiri, kwa maandishi safi, kwenda na kutoka lugha ya pili unayoimudu.

La pili ni biashara ya mipakani, na kwa hili Tanga imekupa bahati ambayo mtu wa Nairobi hana. Sera ya Mambo ya Nje, toleo la 2024 lililozinduliwa Mei 2025, imeshikilia diplomasia ya uchumi, na uchumi wenyewe uko hatua chache kutoka kwenu. Pale Horohoro kuna kituo cha pamoja cha mpakani, ukivuka unaingia Lunga Lunga, Kenya. Mama mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa, anapewa pale pale cheti rahisi cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi, na kuvuka bila ushuru wa forodha. Wengi hawajui, wanapita njia za panya na kupoteza mzigo. Chongoleani nako ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, lenye mkataba baina ya serikali mbili na wanahisa wanne: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Utafiti wako wa mwaka wa tatu ukihusu mojawapo ya hayo, kwa watu uliowahoji na takwimu ulizozikusanya mwenyewe, unakuwa na kitu cha kuweka mezani siku ya usaili. Mwenzako ataandika kuhusu vita baridi kwa kunakili.

Ukitaka kwenda mbali zaidi upande huo, Chuo cha Kodi hutoa cheti cha forodha na uwakala wa mizigo kinachotambulika Afrika Mashariki. Si cha heshima kama neno diplomasia, lakini kampuni za mizigo zinakijua kwa jina, na mhitimu mwenye hicho pamoja na Kifaransa cha kuongea na wateja wa Lubumbashi, Kongo, hakai mtaani muda mrefu.

Namba nazo. Excel hadi jedwali egemeo (pivot table), ukusanyaji wa takwimu kwa KoboToolbox, na programu moja ya takwimu kama Stata. Mashirika, hata yaliyobaki na wafanyakazi wachache, lazima yaripoti kwa mfadhili, na anayejua ufuatiliaji na tathmini ndiye hupunguzwa mwisho.

Mazoezi kwa vitendo: omba nafasi miezi minne kabla, si wiki mbili kabla. Chukua barua ya utambulisho chuoni mapema na usiende kila mtu anapokwenda. Ofisi ya forodha, chemba ya wafanyabiashara, au taasisi za Arusha kama Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu zitakufundisha zaidi ya ofisi utakayoagizwa chai.

GPA ilinde isishuke 3.5. Na hapa ndipo ndoto ya nje inaporudi kwa njia halali. Shahada ya kwanza nje utailipia mwenyewe. Ya uzamili kuna watu wanailipia. Programu ya ufadhili ya Chevening ya Uingereza, kwa mfano, inagharamia uzamili wa mwaka mmoja na inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na kazi ya kujitolea inahesabika. Kuna DAAD ya Ujerumani, kuna za serikali ya China. Mwambie mjomba hujakataa kusafiri, umeahirisha mpaka tiketi ilipwe na mwingine.

Mkopo sasa. Fani zote mbili haziko mstari wa mbele kwenye vipaumbele vya Bodi, kwa hiyo usipige hesabu ya kupata kila kitu. Ukipata kwa uhusiano wa kimataifa ada yote milioni 3.9 na boom, yaani hela ya chakula na malazi, ya 10,000 kwa siku kwa siku 252 kwa mwaka, deni litakuwa 11,460,000. Kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wetu wa mfano, yaani 120,000 kwa mwezi, linaisha kwa miaka 8 hivi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama la kaka zako waliotangulia. Kwa sheria, kwa hesabu hiyo hiyo, deni ni 16,080,000 na miaka 11. Mwaka huo wa nne si wa bure, ujue unanunua nini.

Cheti cha kifo cha baba ndicho kinachoweza kubadilisha asilimia utakayopangiwa. Kihakiki RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao, upate namba ya uhakiki, kisha kaa nacho. Mgao ukitoka mdogo, subiri dirisha la rufaa na ukiambatishe hapo. Isije ikawa wamefungua ndipo wewe unaanza kuhakiki. Dirisha ni fupi na RITA ina foleni wakati huo huo. Jina la baba kwenye cheti chake na kwenye cheti chako cha kuzaliwa yalingane herufi kwa herufi. Yakitofautiana, nenda kwa wakili ufanye kiapo sasa, maana tatizo hilo hilo litakurudia kwenye Ajira Portal.

Uthibitisho wa chuo unafanywa kwa namba ya siri uliyotumiwa kwenye ujumbe. Ingia akaunti yako ya chuo ulichokichagua, weka namba, hakikisha mfumo umeandika kwamba umethibitishwa, piga picha ukurasa huo. Usipothibitisha ndani ya muda, nafasi zote mbili zinaondoka kwa awamu hiyo. Ujumbe ukikawia kuja, omba utumiwe tena kupitia akaunti hiyo hiyo. Usimpe mtu wa steshenari akufanyie na namba akabaki nayo.

Jambo la mwisho hujaliuliza. Kiwanja ni mali ya marehemu baba yako. Mjomba si mmiliki, na hata mama hawezi kukiuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kama hakuna aliyeteuliwa, mazungumzo na dalali hayana miguu, na mnunuzi mwenye akili atawaomba hati ya usimamizi. Mama afungue shauri Mahakama ya Mwanzo, aende na muhtasari wa kikao cha familia na cheti hicho hicho cha kifo. Wadogo zako nao wana haki humo, na akiteuliwa mama, mjomba atabaki na ushauri tu.